Hawezi Nini

Jumatatu, 6 Oktoba

Mdogo wangu amehamia kwangu leo. Nimempa chumba cha nyuma, kinachopakana na saluni, ili nikiwa nasuka nisikie akikohoa. Sukari ilimla macho kwanza, sasa imefika kwenye figo. Daktari aliponiita kando alizungumza kwa sauti ya chini mpaka nikamwambia aseme tu, mimi si mtoto. Akasema hospitali haina la zaidi, mgonjwa akae nyumbani na watu wake. Watu wake ni mimi. Hakuoa, wazazi walishatangulia, na zile redio alizotengeneza maisha yake yote haziwezi kumkorogea uji.

Amekuja na begi moja la nguo na Biblia yake nzito yenye jalada lililopauka. Ndiye aliyekuwa akifundisha darasa la Maandiko kanisani, kila Alhamisi jioni. Mimi kanisani naenda, naimba, nasalimia watu, narudi. Kusoma nilimwachia yeye. Kila familia ina mmoja wa kusoma na mmoja wa kupika, ndivyo nilivyojiambia.

Mvua imeanza. Bati la saluni linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumatano, 8 Oktoba

Kaniomba nimsomee. Nikamuuliza zaburi ipi. Akasema hataki zaburi, anataka nijifunze.

"Dada, mimi nimeshasoma. Sasa zamu yako."

Nikamwambia nina vichwa vitatu vya kusuka kesho, na mtu wa umri wangu haanzi shule. "Anza kwa uvivu basi," akasema. "Sura moja tu. Watu wanakimbilia kuimaliza Biblia nzima, halafu ukiwauliza wameona nini wanakuonyesha tu walipoweka alama. Sisi tutakaa na sura moja."

Amechagua Injili ya nne, sura ya kumi na moja, ile ya Lazaro. Nikafurahi. Nikasema moyoni, kumbe naye anajua anachokitafuta. Mtu anaumwa, anakufa, anafufuliwa. Kuna sura gani nyingine ya kutufaa zaidi ya hiyo?

Sikumwambia nilichoahidi nikiwa naosha sufuria. Nimeahidi nitaisoma vizuri, kwa moyo wote, bila kuruka hata nukta, na Mungu ataona, na ataniachia mdogo wangu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Somo la kwanza, nimechekwa.

Alinitaka niisome sura nzima kwa sauti. Nisipoelewa nipite tu, maana mara ya kwanza ni ya kuizunguka nyumba, milango tutaitafuta baadaye. Nikaanza vizuri. Mstari wa kwanza ukasema palikuwa na mtu mmoja hawezi. Nikasimama.

"Hawezi nini?"

"Wewe soma."

Nikasoma. Mstari wa tatu, wanampelekea Bwana habari kwamba hawezi. Nikamwambia hapa wachapaji walisinzia, wamesahau kumalizia. Hawezi kutembea? Hawezi kula? Mdogo wangu akaanza kucheka, kile kicheko chake cha utotoni cha kubana pua, mpaka nikaogopa pumzi itamwishia. Akanieleza kuwa tafsiri hii ni ya zamani, na kwa wazee wale mtu asiyeweza ni mtu anayeumwa. Hakuna cha kumalizia.

"Si unamkumbuka Bibi? Alikuwa akisema 'leo siwezi,' na wewe unamuuliza, huwezi nini, Bibi?"

Nikafikiri yameisha. Nikaurudia ule mstari wa tatu tangu mwanzo, nikasoma kwamba wale maumbo wakatuma ujumbe. Nikauliza maumbo gani tena, majini? Safari hii alilia kwa kucheka. Si maumbo, ni maumbu. Umbu la mwanamume ni dada yake.

"Wewe ni umbu langu," akasema.

"Usije ukaniita hivyo mbele ya wateja."

Ijumaa, 10 Oktoba

Vichwa viwili. Mvua. Kabakiza nusu ya uji.

Jumapili, 12 Oktoba

Mama Sauti alikuja baada ya ibada. Ndiye jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anaongoza kwaya, na hilo jina tulimpa sisi kwa sababu akimwita mwanawe, watoto wa mtaa mzima wanaitika. Alimwekea mdogo wangu mkono kichwani na kutangaza kwamba kabla mvua hizi hazijakatika atakuwa amesimama. Aliposikia tunasoma sura ya Lazaro akapiga makofi. Akaniambia nichukue mstari wa kufufuka, niunakili kwa herufi kubwa, niubandike ukutani juu ya kitanda. Nilimpenda sana. Nilimchemshia chai na kumpa kikombe kisicho na ufa.

Alipoondoka mdogo wangu akasema, "Mwambie Mama Sauti sisi bado tuko mstari wa tatu."

Jumanne, 14 Oktoba

Nilimwambia nataka kujua sura hii inaniambia nini mimi. Akasema hilo ni swali la mwisho, na watu wanalifanya la kwanza ndiyo maana kila mstari kwao unasema kitu kilekile, kwamba watafanikiwa.

"Redio ikiletwa inakoroma, fundi mbovu anakamata bisibisi. Fundi wa kweli anakaa anausikiliza ule mkoromo. Kwanza ona kilichoandikwa. Nani anasema? Anamwambia nani? Neno gani linarudi? Kabla ya hapa kulitokea nini, na baada ya hapa kinatokea nini?"

Nikamwambia hata nywele ni hivyo, ukianza kusuka kabla ya kugawa utajuta ukifika katikati. Akapenda. Akasema basi leo tugawe.

Nikagawa. Nimeona neno la kupenda linarudi. Nimeona kwamba wenye kuzungumza sana ni wale dada, na mgonjwa mwenyewe hasemi hata neno moja. Na nimeona kituko: mstari wa pili unamtaja Mariamu kuwa ndiye aliyempaka Bwana marhamu, lakini nikarudi nyuma nikatafuta wapi alimpaka, sikuona. Nikaenda mbele. Iko sura ya kumi na mbili, bado haijatokea. Mwandishi anatuambia jambo la kesho kana kwamba tulikuwepo jana.

Nilimkimbilia na mikono ina mafuta ya nywele. Alikuwa amelala, nikamwamsha. Akasikiliza mpaka mwisho, akanishika kidole.

"Hapo sasa umeanza kusoma," akasema.

Nimefurahi leo kuliko siku nilipofungua saluni.

Ijumaa, 17 Oktoba

Muuguzi wa hospitali kaja kumtazama. Miguu imevimba mpaka magotini. Kaandika kitu kwenye kadi yake, nami sikuuliza.

Jumatatu, 20 Oktoba

Siku nzima tumekwama kwenye neno dogo. Alinionya nisiyadharau maneno yanayounganisha, basi, lakini, kwa kuwa, maana ndiyo yanayobeba mzigo na hakuna anayeyashukuru. Nikasoma kwamba Bwana aliwapenda wale dada na ndugu yao. Halafu: basi, aliposikia kwamba hawezi, akakaa siku mbili palepale alipokuwa.

Nikamwambia hapa wamekosea. Ilitakiwa iwe lakini. Aliwapenda, lakini akakaa.

"Inasemaje?"

"Basi."

"Soma tena."

"Basi. Aliwapenda, basi akakaa." Nikafunga kitabu. "Mtu anampenda mgonjwa, anaambiwa anaumwa, halafu anakaa? Mimi nikikufanyia hivyo utaniitaje?"

"Sijui ningekuitaje."

"Kwa nini alikaa?"

"Sijui, Dada. Miaka yote nimefundisha darasa, mstari huu sijauweza. Wengine wanakupa jibu haraka. Mimi nakwambia kaa hapo."

Nikataka twende kaburini, kwenye jiwe, kwenye kutoka. Akakataa. Akasema kila mtu anajua mwisho wa hadithi hii, na kwa sababu anaujua hasomi katikati. Wale dada wawili hawakuujua. Walikuwa ndani ya nyumba na mgonjwa anazidi, wanachungulia njia.

Nimeandika swali kwenye daftari kama alivyonifundisha, na chini yake nimeacha nafasi tupu. Anasema swali lisilo na jibu liandikwe vilevile, tena kwa mwandiko mzuri.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua, mvua. Kalala kutwa. Sikusoma.

Jumamosi, 25 Oktoba

Niliazima kwa Mama Sauti tafsiri nyingine, mpya, maana mdogo wangu anasema anayeanza awe na mbili, moja ikificha nyingine ifichue. Hii mpya inasema mgonjwa. Wazi, hakuna wa kuuliza mgonjwa nini. Mwanzoni nilifurahi. Halafu nikamtazama ndani akijaribu kushika kikombe, kikombe kinamkimbia, na nikaona wale wazee waliijua kazi yao. Hawezi. Hawezi kikombe, hawezi shuka, hawezi kugeuka. Ukitaka kumaliza sentensi hutaimaliza.

Nimelia chooni, bomba likiwa wazi ili asisikie.

Jumatatu, 27 Oktoba

Muuguzi ameniambia mlangoni kwamba tuanze kuita jamaa. Nimemwambia jamaa ndiye unayeongea naye.

Nikaingia ndani, nikachukua kitabu, nikasoma sura nzima tangu juu hadi pale tulipofika. Nikarudia. Nikarudia tena, kwa sauti, bila kukosea hata silabi, hawezi yangu hawezi, maumbu yangu maumbu. Nilipotaka kuanza tena akanyanyua mkono.

"Dada. Unasoma au unatoa rushwa?"

Sijui nani alimwambia. Labda hakuambiwa, labda inasikika tu kwenye sauti. Nilikasirika kwa namna ambayo sikujua bado ninayo. Nikamwambia ndiyo, ni rushwa, na kama ingepokelewa ningeiongeza. Nikamwambia yeye anaona raha, amelala pale na Mungu wake na maswali yake mazuri, atakwenda zake, na mimi nitabaki na chumba. Nani atanicheka nikikosea kusoma? Nani atabana pua? Nikamwambia sitaki kujifunza. Sikuwahi kutaka. Nilitaka apone.

Nikatoka, nikamsuka mteja kwa nguvu mpaka akaniuliza amenikosea nini. Nikafumua, nikaanza upya. Jioni nilimpelekea uji, nikamlisha, hatukusemezana.

Jumanne, 28 Oktoba

Sikusoma. Hakuomba.

Jumatano, 29 Oktoba

Asubuhi aliniita kwa jina la utani la utotoni, ambalo hapa siliandiki. Nikaenda.

"Nisomee ule ujumbe tu. Ule wa wale dada. Halafu uniambie waliomba nini."

Nikasoma. Ni mstari mfupi. Nikatafuta ombi, sikuliona. Nikasoma tena nikidhani nimeruka. Hawakusema njoo. Hawakusema mponye. Walimwambia tu kwamba yule anayempenda hawezi, basi, wakanyamaza.

"Hawakuomba kitu," nikasema.

"Hawakuomba."

"Labda walidhani haina haja. Atajua mwenyewe."

"Labda. Au labda walikuwa wamechoka, hawana maneno mengine." Akapumzika. Siku hizi akisema sentensi moja anapumzika kama aliyepanda ngazi. "Dada, na mimi naogopa. Usidhani msomaji haogopi. Usiku naogopa sana. Nikikusikia unasoma, naogopa kidogo. Si kwa sababu ya maneno. Kwa sababu ni wewe unayesoma."

Nikapanda kitandani nikalala pembeni yake kama tulivyolala tulipokuwa wadogo, miguu yangu kwenye miguu yake iliyovimba. Nilimwambia sitaki aende. Akasema anajua. Nikamwambia tena. Nililisema mara nyingi, na kila mara alisema anajua.

Jumapili, 2 Novemba

Mama Sauti amekuja na mafuta yake na matangazo yake. Nilisimama mlangoni nimekunja mikono, maana safari hii nilikuwa tayari kumtoa. Alipofungua kinywa, mdogo wangu akamwambia, "Mama, leo niimbie tu. Pole pole."

Akaimba. Sikujua kama ana sauti ile. Ilikuwa ndogo, ikitetemeka kidogo juu, na alimaliza akiwa amemshika kifundo cha mguu. Nilimsindikiza hadi kwenye ngazi. Hapo akaniambia kwamba mumewe alipokuwa anaumwa yeye alikuwa mtu mkimya, aliomba kimya kimya, na alipofariki watu wakasema hakuomba kwa imani. Ndiyo maana anapaza. "Sitaki waseme tena," akasema.

Miaka yote hii namtania jina.

Jumanne, 4 Novemba

Tumesogea. Yule dada mmoja anatoka kwenda kumlaki Bwana njiani. Sauti ya mdogo wangu haisikiki vizuri, naweka sikio mdomoni kwake.

Jumatano, 5 Novemba

Naandika kwa sababu nisipoandika nitasahau, nami sitaki kusahau hata moja.

Baada ya chakula cha mchana mvua ilipiga bati kwa kishindo. Nilikuwa nimesoma maneno ya yule dada, anamwambia Bwana kwamba angalikuwepo ndugu yake hangalikufa. Mdogo wangu akatikisa kidole. Nikainama. "Rudia. Mvua imekula."

Nikarudia kwa kupaza, mpaka nikajisikia napiga kelele.

"Anasema hivyo kwa imani," akauliza, "au kwa hasira?"

"Zote mbili."

"Andika."

Nikachukua kalamu. Nilipoinua kichwa alikuwa akivuta pumzi ndefu, kisha muda unapita, kisha nyingine. Nilimuita Mama Sauti kwa kugonga ukuta. Nikakaa kitandani nikampakata. Nilitaka kuomba, na kila nililojifunza kuomba tangu utotoni lilinitoka. Nikasema lile moja tu, la wale dada. Nikasema, huyu unayempenda hawezi. Nikasema hivyo tu, hawezi, wala sikuongeza kitu. Pumzi iliyofuata haikuja.

Muuguzi alifika akiwa amelowa. Alituonyesha kwamba taya lifungwe mapema kwa kitambaa, lisije likabaki wazi. Alitaka kufunga yeye. Nikamwambia vichwa ni kazi yangu. Nilikata kitambaa laini cheupe, kile ninachofungia wateja nywele zikikauka, nikakizungusha chini ya kidevu na juu ya masikio. Mama Sauti alishika ncha moja ili kisiteleze. Hakusema neno hata moja, mpaka mwisho.

Ijumaa, 7 Novemba

Tumemzika. Udongo ulikuwa tope. Niliomba kitambaa kiachwe.

Jumatatu, 10 Novemba

Sikufungua saluni.

Alhamisi, 13 Novemba

Mzee wa kanisa alikuja kuuliza kama Biblia ya marehemu inaweza kwenda kwa darasa lake, iwe kumbukumbu. Nikamwambia bado inasomwa.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua imekatika. Sikwenda ibadani. Nilikaa chumba cha nyuma, kitanda kimetandikwa, nikasoma kwa sauti kutoka pale tulipoishia.

Nilisoma jinsi Bwana alivyoulizia walikomlaza, na jinsi alivyolia. Hapo nilikaa sana. Anajua anachokwenda kufanya, na bado analia. Nikageuka kumuuliza mdogo wangu. Nimegeuka hivyo mara nyingi wiki hii, nadhani shingo yangu ndiyo itakayojua mwisho kabisa kwamba hayupo. Nililiandika swali, nikaacha nafasi.

Kisha jiwe, kisha ile sauti kubwa, kisha anatoka. Nilidhani nitafurahi au nitakitupa kitabu. Sikufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu Lazaro hakutoka kama nilivyokuwa nikimwona tangu shule ya Jumapili, mkunjufu na mikono juu. Imeandikwa kwamba alitoka amefungwa mikono na miguu, na uso wake umezungushiwa kitambaa.

Nimeisikia hadithi hii maisha yangu yote, na kitambaa sikuwahi kukiona.

Kisha Bwana hamfungui. Anawaambia waliosimama pale wamfungue. Nikatafuta ni nani aliyekwenda kumfungua. Nikarudi juu, nikasoma mpaka chini, nikaingia sura inayofuata. Haijaandikwa. Mimi nasema ni dada zake, maana wao ndio waliomfunga, na aliyefunga hajiulizi pa kuanzia. Lakini siwezi kuthibitisha, kwa hiyo nimeliandika kama swali.

Fundo langu nililiweka utosini, kushoto kidogo. Sikulikaza. Vidole viwili vinatosha kulifungua.

Bado sijaambiwa nimfungue.